Kwa nini Chumbe ni jiwe na Mnemba ni mchanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwaka huu shule yetu ilitupeleka Chumbe. Nimekuta jiwe kali lililojaa matundu, udongo haba, kisima hakuna, na bado msitu umefungamana hata jua linapenya kwa shida. Kaka yangu amewahi kufanya kazi Mnemba, na yeye anasema kule ni mchanga mtupu na mivinje, tena pwani yake huhama: miezi mingine ipo upande huu, miezi mingine imekwenda upande wa pili. Vyote ni visiwa vidogo vya Unguja na vyote viko mikononi mwa watu binafsi. Imekuwaje vitofautiane hivyo? Na huyo anayepewa kisiwa anapewa nini hasa, ikiwa chenyewe hakitulii?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili na nimefurahi umeyaweka pamoja, maana la pili halijibiki mpaka la kwanza lieleweke. Tuanze na lile jiwe lililokuchania viatu.

Siku ukirudi Chumbe, inama kwenye njia ya msituni ulitazame kwa karibu. Utaona vijishimo na mistari iliyopangika, na mahali pengine magamba ya kombe wakubwa yamekwama ndani ya jiwe, mapana kuliko kiganja cha mtu mzima. Viumbe hao waliishi chini ya maji. Jiwe lote unalolikanyaga pale, pamoja na lile lililobeba mibuyu, lilikuwa mwamba hai wa matumbawe wenye samaki, mwani na mkondo unaopita juu yake. Ardhi ya namna hii tunaiita maweni au uwanda, na Unguja imejaa, hasa upande wa mashariki na kusini.

Sasa matumbawe yamefikaje juu ya maji? Wengi hudhani kisiwa kimeinuka. Katika sehemu kubwa ya pwani yetu, jambo kubwa zaidi ni kwamba bahari ndiyo iliyoshuka. Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko leo, barafu ya nchi za baridi ilikuwa imepungua, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya usawa tunaoujua. Maweni mengi ya ukanda huu huhusishwa na kipindi hicho. Matumbawe yalijenga yakiifuata bahari ilipo. Kisha baridi ikarudi, maji yakafungwa tena katika barafu, bahari ikateremka, na miamba ile ikaachwa mikavu juani ikageuka kuwa jiwe.

Na bahari haikushuka kidogo. Miaka 20,000 hivi iliyopita usawa wake ulikuwa kama mita 120 chini ya wa leo. Ukichukua ramani ya kina cha mkondo ulio baina ya Unguja na bara, utaona kwamba sehemu kubwa haizidi mita 60. Maana yake ni kwamba wakati ule hapakuwa na mkondo wowote. Palikuwa na nchi kavu, na mnyama angeweza kutembea kutoka Bagamoyo mpaka Unguja bila kulowesha kwato. Ndiyo sababu wanyama wa Unguja wanafanana sana na wa bara. Pemba ni habari nyingine kabisa: mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata bahari iliposhuka kiasi hicho, na Pemba imeishi peke yake kwa muda mrefu mno kuliko Unguja.

Kwa hiyo Chumbe wakati huo haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima kidogo cha jiwe katikati ya nchi kavu. Bahari ilipopanda tena, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, maji yaliingia kwenye mabonde, Unguja ikatengwa na bara, na vilima vya jiwe vilivyokuwa kandokando yake vikabaki vimechomoza. Chumbe ni kimojawapo. Changuu, Bawe na Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, ni ndugu zake.

Shika neno hili kwanza, kwa sababu yote yatakayofuata yanalitegemea: Chumbe ni mabaki, kitu kilichosalia baada ya kingine kuondoka au kufunikwa. Mnemba ni limbikizo, kitu kilichokusanywa na kinachoendelea kukusanywa. Ukubwa wao usikudanganye. Chumbe ina hekta 22 hivi, urefu wake unazidi kilomita moja kidogo na upana wake hauzidi sana mita 300. Mnemba ni ndogo zaidi, mtu huizunguka kwa miguu kilomita moja na nusu akawa amerudi alipoanzia. Kwenye ramani vyote ni nukta. Lakini kwa asili yake, kimoja ni kipande cha nchi ya kale na kingine ni kazi ya mawimbi ambayo haijakamilika.

Umeuliza habari ya kisima. Mvua Chumbe inanyesha, masika na vuli, na kwa wingi wa kutosha. Tatizo ni jiwe. Maji ya mvua huwa na ukali kidogo wa hewa ya kaboni yanayoibeba angani na zaidi yanayoikuta kwenye majani yanayooza, na ukali huo huyeyusha chokaa. Kwa maelfu ya miaka mvua imelichimba jiwe lile mpaka limekuwa nyufa, mashimo, mapango na ncha. Mvua ya leo inapita humo humo. Kutafuta maji ya kisima Chumbe ni kujaza maji katika pakacha.

Lakini sababu haiishii kwenye kuvuja. Katika visiwa vikubwa kidogo, maji ya mvua yanayozama hayapotei. Hukaa chini ya ardhi yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Tofauti ya uzito ni ndogo, kama sehemu moja katika arobaini, na ndiyo inayotoa kanuni wanayoitumia wataalamu wa maji: pale hali inapokuwa tulivu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huweza kuwa na mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Hazina hiyo huhitaji ardhi inayoyachelewesha maji, na upana wa kutosha ili bahari isiifikie kutoka pande zote. Chumbe haina hata kimoja. Bahari yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Katika jiwe lenye matundu, upana wa mita 300, maji hayo huingia chini ya kisiwa na kutoka, na kila yanapoingia huyachanganya matamu na ya chumvi. Hapawi na kitu cha kuchota.

Ndiyo maana nyumba saba za wageni mlizoziona zimejengwa vile zilivyo. Mapaa yake makubwa hayakuwekwa kwa uzuri peke yake. Ni ya kukinga mvua, na chini ya sakafu kuna matangi ya kuihifadhi. Vyoo ni vya mboji, havitumii maji na haviachi uchafu upenye. Maji yaliyokwisha kuogewa huchujwa kwa mimea. Katika jiwe linalovuja, chochote unachokimwaga juu kitafika kwenye mwamba hai wa matumbawe baada ya muda mfupi. Mjenzi yeyote anayetaka kuiga Chumbe aelewe kwamba mpango ule umetokana na jiwe lenyewe.

Sasa msitu, na hapa ndipo penye ajabu inayostahili kukaa kwa muda. Miti ile inaishi juu ya jiwe lisilo na maji, kwa kutegemea vitu vichache sana. Mizizi hushuka ndani ya nyufa mpaka kwenye mifuko ya udongo mweusi, udongo uliotokana na majani yaliyooza hapo hapo. Ni kidogo, lakini ni mzuri mno. Umande wa usiku hushikwa na majani na ubichi wake hubaki chini ya kivuli. Mti mwingine hupukutisha majani kiangazi kikizidi. Mbuyu huweka maji mwilini. Ukianzia ukingoni mwa bahari kuelekea ndani utaiona miti ikibadilika kwa hatua chache tu: pembeni ni vichaka vifupi vyenye majani manene, vimelazwa na upepo na kuunguzwa na chumvi, na ndivyo vinavyowakinga wenzao, nyuma yake miti inaanza kunyanyuka, katikati unakuta huo ufungamano ulioustaajabia. Kila safu inaishi kwa sababu ya iliyo mbele yake. Ukikata ile ya pembeni kwa ajili ya kupata mandhari ya bahari, chumvi itaingia na itaua ya nyuma. Na udongo ule ukishapoteza kivuli, mvua mbili tatu huuteremsha ndani ya nyufa na hauonekani tena. Sehemu nyingi za maweni ya Unguja zimepoteza msitu wake kwa njia hiyo, kwa kuni na makaa na chokaa. Chumbe ilisalimika kwa sababu ile ile uliyoiona kama upungufu: pasipo na maji matamu hapakai kijiji.

Waliokaa ni walinzi wa mnara. Waingereza waliujenga mwaka 1904 ili kuziongoza meli zinazoingia bandari ya Unguja kutoka kusini, mwaka 1926 taa yake ikafanywa ya gesi, na mpaka leo mnara unafanya kazi. Msikiti mdogo ulio karibu nao ulikuwa wa walinzi hao. Watu wachache, eneo dogo, na nyuma yao msitu ukaachwa.

Wanyama nao wanafuata hesabu hiyo hiyo ya jiwe na msitu. Kaa wa minazi, yule mkubwa anayepanda miti na anayeweza kufikia kilo 4, anahitaji mashimo ya kujificha mchana, na Chumbe ni mashimo matupu. Panya waliofika na vyombo waliondolewa mwaka 1997, na kisiwa kimesafika. Paa nunga, ambaye ni adimu duniani na Unguja yenyewe amewindwa sana, aliletwa hapo apate mahali salama. Wengine hulalamika kwamba kumleta mnyama kisiwani ni kuingilia kazi ya asili. Mimi naliunga mkono jambo hilo kwa Chumbe, kwa sababu kisiwa hiki ni kipande cha maweni ya Unguja kilichotengwa na maji juzi tu kwa hesabu ya jiwe, na paa yule ni wa maweni hayo hayo.

Kabla hatujaiacha Chumbe, umeona jinsi ukingo wake ulivyochimbwa kwa chini mpaka juu pameachwa kama kipaa kinachoning'inia? Wageni hudhani ni mawimbi. Mawimbi yamo, lakini upande ule bahari si ya nguvu sana, kwa kuwa Unguja nzima inaikinga Chumbe na bahari kuu. Kazi kubwa inafanywa na viumbe vidogo vinavyotoboa na kukwangua jiwe wakitafuta mwani, pamoja na maji yenyewe yanayoliyeyusha pale yanapopanda na kushuka. Katika miamba ya chokaa ya nchi za joto, ulaji wa namna hii ni kama milimita moja kwa mwaka. Paa likizidi uzito huvunjika, kipande kikaanguka baharini, kazi ikaanza upya. Kwa hiyo hata Chumbe inapungua, lakini kwa mwendo ambao mjukuu wako hataugundua kwa macho.

Mnemba haina subira hiyo.

Mnemba iko upande wa pili kabisa, kaskazini mashariki ya Unguja, mbele ya Muyuni na Matemwe, na mashariki yake hakuna nchi yoyote ya kuizuia Bahari ya Hindi. Chini yake kuna jukwaa la mwamba wa matumbawe lenye umbo la yai, urefu wake kilomita 7 hivi na upana 4 na nusu. Kisiwa chenyewe ni kisehemu kidogo tu cha jukwaa hilo, kimekaa kuelekea upande wake wa magharibi. Watu wengi, hata matangazo ya watalii, hupaita pale atoli. Si atoli kwa maana inayofundishwa darasani. Atoli kamili ni pete ya matumbawe iliyobaki baada ya mlima wa volkano kuzama pole pole chini yake, kama ilivyo katika Pasifiki. Chini ya Mnemba hakuna volkano. Ni mwamba uliomea kwenye ukingo wa sakafu ya bahari ya Unguja, kisha kwa nje bahari inateremka haraka kwenda kwenye kina kikubwa. Ukiulizwa kwenye mtihani, usiandike atoli.

Mchanga wake umetoka wapi? Si wa mtoni, maana hakuna mto unaoufikisha pale, na ndiyo sababu ni mweupe namna ile. Umetengenezwa juu ya mwamba, na viumbe. Samaki waitwao pono hung'ata matumbawe kwa meno yao magumu ili kupata mwani, wakalisaga jiwe tumboni na kulitoa likiwa mchanga. Pono mmoja mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mwani wenye vidonge vya chokaa ukifa huacha vipande vyake. Vijidudu vidogo vyenye makombe, visivyoonekana vizuri bila kioo cha kukuzia, hufa kwa mabilioni. Mawimbi huvichukua vyote hivyo. Wimbi linapofika kwenye jukwaa hupinda na kulizunguka kutoka pande mbili, na pale pande mbili zinapokutana nyuma, nguvu inakwisha na mzigo unaanguka. Huanza fungu linaloonekana maji yakipwa tu. Likizidi kuinuka, mlakasa hutambaa juu yake na kuushika mchanga, ndege hutua, mbegu hufika, na baada ya miaka mivinje inasimama. Visiwa vya namna hii duniani kote ni vichanga, vina miaka elfu chache tu, kwa sababu havikuweza kuanza mpaka bahari ilipoacha kupanda kwa kasi.

Sasa kuhusu kuhama kwa pwani, kaka yako amesema kweli, na sababu anaijua kila nahodha. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, upepo na mawimbi hutoka kusini na kusini mashariki. Mchanga wa upande unaopigwa hung'olewa na kusukumwa kuzunguka kisiwa mpaka upande uliotulia. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba mpaka Machi, mawimbi hugeuka na mchanga huanza kurudi. Mtu akija mara moja atapiga picha ufukwe mpana na kudhani ndivyo ulivyo. Akirudi baada ya miezi sita atakuta mizizi ya mivinje iko nje na maji yanapiga mahali alipoketi. Eneo la kisiwa linaweza kuwa lile lile kabisa. Kilichobadilika ni mahali lilipo.

Hilo ni jambo la kawaida na halina ubaya. Ubaya uko kwingine, na naomba ulitofautishe vizuri, kwa sababu watu wengi huvuruga. Mchanga unaozunguka unarudi. Mchanga unaosukumwa mpaka ukingo wa jukwaa ukaanguka kwenye kina haurudi kamwe. Kisiwa cha mchanga ni hesabu ya mapato na matumizi: mwamba unazalisha, kina kinameza, na kisiwa ni salio. Mtu akijenga ukuta ili kuilinda nyumba yake iliyo karibu mno na maji, wimbi linapiga ukuta, linarudi na nguvu yake yote, na linachukua mchanga ulio mbele. Ukuta utasimama kwa muda. Ufukwe hautakuwepo. Kwa kisiwa chenye mzunguko wa kilomita moja na nusu hakuna mahali pa kuusogeza mzigo huo. Jirani unayemdhuru kwa ukuta wako ni wewe mwenyewe upande wa pili.

Kasa wa kijani wanaotaga Mnemba wanaishi ndani ya hesabu hiyo. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili, muda ambao pwani inaweza kuhama, na viota vilivyotagwa mahali ambapo maji yatafika huhamishiwa juu zaidi. Kuna jambo la pili ambalo wachache hulifikiria: joto la mchanga ndilo linaloamua kitoto kitakuwa dume au jike. Mchanga wa baridi kidogo hutoa madume, wa moto hutoa majike. Kivuli cha mivinje kwa hiyo kina kazi kubwa kuliko kuwapumzisha wageni, na mti uliong'olewa na bahari ukingoni hubadilisha hata vizazi vya kasa.

Nije kwenye umiliki. Zamani visiwa vyetu vidogo viliwahi kuwa mali ya watu. Changuu ilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili, na mwaka 1893 Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri wa Sultani, aliinunua kwa nia ya kujenga jela ambayo mwishowe haikupata wafungwa, ikawa karantini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali, na sheria ya ardhi ya 1992 ikaweka wazi kwamba ardhi ni ya umma, chini ya Rais. Kwa hiyo unaposikia kisiwa cha fulani, fahamu kwamba fulani amekodishwa. Mnemba imekodishwa kwa hoteli. Tangu 2021 serikali imevikodisha vingine kadhaa kwa wawekezaji.

Lakini hata tukiacha sheria, kwa upande wa jiografia swali lako ni zito kuliko linavyoonekana. Mkodishwaji wa Mnemba anapewa nchi kavu. Nchi kavu hiyo inatengenezwa na mwamba ulio nje ya mpaka wake, ambao tangu 2002 umo katika eneo la hifadhi ya bahari, na ambao kila siku unafikiwa na boti za watalii kutoka pwani nzima ya kaskazini, nanga na miguu na yote. Pono anayeuzalisha mchanga wake anavuliwa au anaachwa na watu wengine. Kwa maneno mengine anakodi salio, na akaunti iko mikononi mwa wengi.

Chumbe ilipangwa vingine. Kampuni iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya tisini na Sibylle Riedmiller, Mjerumani, ilitaka hasa mwamba hai wa magharibi ya kisiwa, na mwaka 1994 serikali ikautangaza mwamba huo kuwa hifadhi ya bahari na msitu kuwa hifadhi iliyofungwa, vyote viwili chini ya usimamizi mmoja. Ilikuwa hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kuendeshwa na watu binafsi kwa namna hiyo. Wavuvi wa jirani wakafundishwa kuwa walinzi. Matokeo unaweza kuyaona ukizamisha uso majini: aina zaidi ya 400 za samaki na karibu 200 za matumbawe magumu, kwenye kipande cha bahari unachoweza kukiogelea kwa asubuhi moja. Mimi naona huo ndio mpaka wa kweli wa kisiwa kidogo. Ufukwe si mpaka. Mpaka uko pale mwamba unapoishia na kina kinapoanza. Mkataba wowote wa kukodisha kisiwa cha mchanga bila kuuhusisha mwamba wake na wanaouvua umekata kitu kimoja katikati, na ningependa wanaoiandika mikataba mipya walitazame hilo kabla wino haujakauka. Vilevile wanaojenga kwenye mchanga wajenge mbali na maji, kwa vitu vinavyohamishika.

Utaniuliza kuhusu bahari kupanda, najua, kwa kuwa kila mwanafunzi sasa huuliza. Wengi husema visiwa vya mchanga vitazama vyote. Vipimo vilivyofanywa kwenye visiwa vingi vya namna hiyo katika Pasifiki na Bahari ya Hindi vinaonyesha kwamba kwa miongo iliyopita sehemu kubwa vimebaki na eneo lake, na vingine vimeongezeka, huku vikibadilisha umbo na kusogea. Vinaweza kuinuka na bahari, almuradi mchanga unaletwa. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mwaka 1998, kisha 2016, bahari yetu ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya ukanda huu yakapauka. Tumbawe lililokufa huvunjika, na kwa miaka michache mchanga huweza hata kuongezeka, jambo linalowadanganya watu kwamba mambo ni mazuri. Baada ya hapo, mwamba usipopona, mapato yanasimama. Kupona kunategemea maji safi na samaki wanaokula mwani, yaani pono yule yule.

Kaka yako akiwa bado anapata njia ya kufika Mnemba, mpe kazi hii. Achague mivinje mitatu, mmoja kila upande wa kisiwa, mbali na ukingo. Siku ya bamvua katikati ya kaskazi, maji yakiwa yamejaa kabisa, apime kwa utepe kutoka shina mpaka maji yanapogusa. Arudie siku ya bamvua katikati ya kusi, kwenye miti ile ile, na aandike tarehe na saa. Mkifanya hivyo kwa miaka mitatu au minne, jumlisheni umbali wa miti yote mitatu kwa kila msimu. Jumla ikicheza huku na huko bila kupungua, mchanga unazunguka tu. Ikiwa inashuka kila mwaka, misimu yote miwili, basi unaanguka nje ya jukwaa, na hapo niandikie tena.